Kindi Wetu na Kindi wa Ughaibuni

Mfasiri akutanapo na chipmanki, mnyama mdogo wa misitu ya Marekani Kaskazini, ikiwemo ile ya milimani, aghalabu humwita kindi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa jina hilo, ingawa si kosa, huficha maisha mawili tofauti.

Chipmanki ni wa ukoo mmoja na kindi. Ana milia mgongoni na vifuko mashavuni ambamo hubebea mbegu. Hujichimbia shimo ardhini na kulifanya nyumba na ghala. Majira ya baridi yaingiapo, hulala usingizi mzito shimoni, akizinduka mara kwa mara kula alichokiweka. Kwake, methali isemayo akiba haiozi ni sharti la uhai.

Je, kindi wetu? Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, akivuka Likoni kwa feri na kupanda hadi misitu ya Shimba Hills, Kwale, aweza kumwona kindi mwekundu wa pwani. Huyu hana milia. Tumbo na mkia wake ndivyo vyenye wekundu. Hujenga kiota katika uwazi wa mti, hutoka mchana, na hula matunda, mbegu na machipukizi. Kwa kuwa msitu wake haujui theluji, hana haja ya usingizi mrefu. Hata hivyo, naye hufukia mbegu, moja hapa, nyingine pale. Asizozirudia huweza kuota; kwa hiyo mla mbegu huyu ni mpanzi pia.

Tofauti hii yamhusu mwanafasihi. Msomaji wa Kisiwani aambiwapo kuwa kindi amelala shimoni miezi kadhaa, atashangaa, kwani kindi amjuaye hafanyi hivyo. Pengine "kindi milia" lingefaa zaidi kwa yule mgeni.

Aidha, Kiswahili kina kuchakuro na kidiri, majina ambayo wengi wetu huyajua kutoka kamusini tu. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, bado ina wazee wajuao wanyama wake. Ni wajibu wetu kuwauliza lipi ni la mnyama yupi, kwani msitu ukatwapo, jina hubaki bila mwenyewe.