Kulitayarisha Gari kwa Mbio za Mzunguko: Tatizo la Joto

Ukisugua viganja vyako asubuhi ya baridi, vitapata joto. Kazi iliyofanywa na misuli haikupotea; imegeuka kuwa joto kwa njia ya msuguano. Jambo hilo, ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza analifahamu, ndilo linaloamua ni gari lipi litakalomaliza mbio na ni lipi litakalovutwa kwa kamba hadi karakana.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wakisikia mashindano ya magari hukumbuka Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, ambamo gari huvunjwa na mawe, vumbi na matope. Mbio tunazozieleza hapa ni za namna nyingine. Hufanyika katika njia ya lami laini inayozunguka na kurudi ilikoanzia, na wengi wa washiriki si madereva walioajiriwa na viwanda, bali ni wanachama wa klabu wanaoendesha magari yao wenyewe siku za mapumziko. Huko Marekani, Sports Car Club of America, chama kilichoundwa mwaka 1944, ni mojawapo ya vyama vinavyosimamia mbio hizo. Gari lipendwalo sana humo ni Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili lililoonyeshwa mjini Chicago mwaka 1989. Toleo lake la kwanza lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu-farasi 115 hivi, yaani kilowati 86, na uzito usiofika kilo 1,000. Hilo ndilo tutakalolitumia kuwa mfano.

Jambo linalowashangaza wageni wa mchezo huu ni hili. Gari limewapeleka kazini miaka mingi bila taabu. Njia ya mbio haina hata shimo moja. Walakini baada ya dakika 15 pedali ya breki inazama hadi sakafuni kana kwamba hapana kitu chini yake. Dereva aliyemaliza akiba yake kwa kununua vifaa vya kuongeza nguvu ya injini hugundua, kona ikiwa mbele yake, kwamba alianza matengenezo mahali pasipostahili.

Tufanye hesabu kidogo. Gari letu, pamoja na dereva na petroli, lina tungamo la kilo 1,100. Mwishoni mwa sehemu iliyonyooka lina kasi ya kilomita 162 kwa saa, ambayo ni mita 45 kwa sekunde, na ili lipite kona kwa salama hapana budi lipunguze hadi kilomita 72 kwa saa, ambayo ni mita 20 kwa sekunde. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni jouli 893,750. Tukiuacha kando upinzani wa hewa, nishati hiyo yote hugeuka joto katika breki. Ingetosha kuyafikisha kwenye mchemko karibu lita tatu za maji yaliyokuwa na nyuzi 25 za Sentigredi. Lakini mpishi wa chai ana dakika kadhaa za kusubiri, na dereva wetu huimaliza kazi yake kwa muda usiofika sekunde tatu. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba breki hufanya kazi kwa kiwango cha zaidi ya kilowati 300, ilhali injini haitoi zaidi ya 86. Mashine yenye nguvu kupita zote katika gari hili ni breki zake.

Joto hilo hukaa wapi? Gari linapopunguza mwendo uzito huegemea mbele, kwa hiyo tuchukue kwamba asilimia 70 ya kazi hufanywa na breki za mbele. Tukadirie pia kwamba kila diski ya mbele ina kilo 5 za chuma cha kusubu, na kwamba kila kilo ya chuma hicho huhitaji jouli 500 hivi ili ipande nyuzi moja. Basi kukanyaga breki mara moja tu hupandisha joto la diski kwa nyuzi 125. Barabarani diski hupata muda wa kupoa. Katika mbio, kona ya pili iko sekunde chache mbele, na ya tatu baada yake, nalo joto hulundikana. Diski huweza kupita nyuzi 500, na giza linapoanza kuingia huonekana ziking'aa kwa wekundu.

Kutoka katika diski joto hupenya katika pedi za breki, kisha katika pistoni inayozisukuma, na mwisho katika mafuta ya breki. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mafuta hayo, ingawa huitwa hivyo, kwa kawaida ni kiowevu cha jamii ya glaikoli, nacho kina tabia ya kufyonza unyevu kutoka hewani. Aina inayoandikwa DOT 3 kwenye chupa, ikiwa mpya, haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Lakini ikishafyonza maji ya kama asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Kiowevu hakikubali kubanwa, na kwa sababu hiyo husafirisha kani ya mguu hadi kwenye pedi bila kupungua. Kikichemka hutoa mvuke, na gesi, kama Boyle alivyotufundisha, hupungua ujazo inapobanwa. Basi mguu wa dereva hubana mapovu, na kani haifiki magurudumu.

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza kwa gari la mbio ni pia ya bei ndogo kuliko mengine karibu yote: kumwaga mafuta ya zamani ya breki na kutia mapya yenye mchemko wa juu. Yale yaliyotengenezwa kwa mbio hupita nyuzi 300 yakiwa mapya, na washiriki waangalifu huyabadilisha mara kwa mara katika msimu. (Mwenye gari wa Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, angefaa naye kulizingatia hili, hata kama hashindani na mtu, na anayeshuka mteremko wa Kitonga huku amekanyaga breki mfululizo anafanya jaribio lile lile bila kujua.) Baada ya mafuta huja pedi zinazostahimili joto. Pedi za kawaida zikipita kiwango chake hutoa gesi kutoka katika gundi iliyozishikanisha, na msuguano hupungua. Za mbio hazifanyi hivyo upesi, ila nyingi zina ila yake: zikiwa baridi hazishiki vizuri, na kwa hiyo hazifai kwa safari ya sokoni. Tatu ni mrija wa kuleta hewa kutoka mbele ya gari hadi katikati ya diski, kitu rahisi ambacho fundi yeyote aweza kukitengeneza.

Sasa tutazame chini ya injini, lilipo karai la oili ambalo mafundi huliita sampu. Vuta bakuli la maji mezani kwa ghafla, utaona maji yakipanda ukingo wa nyuma. Oili hufanya vivyo hivyo kwenye kona. Iwapo mchapuko wa kuelekea kando unalingana na ule wa mvutano wa ardhi, yaani mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, uso wa kiowevu hulala kwa pembe ya nyuzi 45. Matairi ya mbio yaweza kabisa kufikisha gari kiwango hicho, na kona ndefu hukidumisha kwa sekunde kadhaa. Oili ikiuhama mdomo wa pampu, pampu hufyonza hewa, na utando mwembamba unaotenganisha kranki na beringi zake hukatika. Chuma hugusa chuma. Dawa ni kuweka kuta ndogo ndani ya sampu ili kuzuia oili isikimbie, na kuhakikisha kabla ya kila mbio kwamba kipimo kimejaa. Injini nyingi zimeuawa na upungufu wa nusu lita ambao barabarani usingedhuru kitu.

Kuhusu maji ya kupoza, mfano wetu una fundisho la pekee. Chini ya pua ya MX-5 kuna bamba la plastiki ambalo wengi huliondoa ili wapate nafasi ya kubadilisha oili, kisha hawalirudishi. Kumbe bamba hilo ndilo linaloiongoza hewa ipite katika rejeta na kutokea chini. Pasipo bamba, gari hupata joto kadiri linavyozidi kwenda mbio, jambo linalopingana na matarajio ya kila mtu. Tangi la plastiki la juu ya rejeta nalo hugeuka kahawia linapozeeka, na rangi hiyo ni onyo la kununua jingine kabla halijapasuka.

Matairi hayataki fedha, yanataka geji. Tuseme kanieneo, yaani kani inayokilemea kila kipande cha eneo, inasomeka bari 2.0 asubuhi, joto la hewa likiwa nyuzi 25. Tukiongeza bari 1 ya angahewa tunapata 3.0 kamili. Tairi likifikia nyuzi 75, kanieneo hupanda kwa uwiano wa 348 kwa 298, ikawa 3.5, na geji husoma 2.5. Tairi lililovimba hivyo hugusa lami kwa sehemu ndogo zaidi. Ndiyo maana madereva huanza na hewa kidogo kuliko ile wanayoitaka baadaye.

Mtu akishayatimiza haya aweza kuifikiria nguvu ya injini, lakini aifikirie kwa hesabu. Kwa makadirio, injini ya petroli humwaga katika maji ya kupoza joto linalokaribia kazi inayoifanya. Kuongeza nguvu kwa nusu ni kuuongezea rejeta mzigo kwa karibu nusu pia. Na endapo nguvu hiyo italiwezesha gari kufika mita 50 kwa sekunde badala ya 45, kasi imeongezeka kwa asilimia 11, lakini joto la kila mkanyago wa breki limeongezeka kwa asilimia 29. Kinyume chake, aliyeng'oa kilo 100 za viti, mazulia na gurudumu la akiba amepunguza joto hilo kwa asilimia 9, tena amepata mchapuko bila kuigusa injini. Kwa maoni ya mwandishi, huyo ndiye mwerevu.

Wala asisahau fremu ya chuma nyuma ya kiti. Katika gari lisilo na paa, mkanda wa mbio unaomkaza dereva wima bila fremu hiyo ni hatari kuliko mkanda wa kawaida, kwa maana gari likipinduka kichwa ndicho kitakachotangulia ardhini.

Bendera ya mwisho inapopungwa, dereva huzunguka njia mara moja zaidi kwa mwendo wa polepole, bila kugusa breki ila kwa nadra, ili hewa ichukue joto lililosalia. Kisha huegesha mahali tambarare, huacha gari katika gia, na hukinga magurudumu kwa vipande vya mbao. Havuti breki ya mkono, kwani pedi zikibanwa juu ya diski iliyo moto mahali pamoja huacha alama yake, na joto lililokwisha nusu ya safari yake hupata njia fupi ya kuyafikia mafuta ya breki.