Je, Wajua vboxdrv, Moduli Inayoishi Ndani ya Kerneli?

Mtu amehama kutoka Ubuntu kwenda Fedora. Anasakinisha VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, dirisha linafunguka, mashine pepe zake zote zipo. Akiwasha moja tu, anapata kosa: rc=-1908. Wengi hapo huifuta programu na kuisakinisha upya. Haisaidii, kwa sababu programu ni nzima. Kinachokosekana ni vboxdrv.

VirtualBox ilitolewa na innotek, kampuni ya Ujerumani, mwaka 2007. Leo iko chini ya Oracle. Dirisha lake ni programu kama nyingine, lakini vboxdrv ni moduli inayopakiwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwani kuikabidhi prosesa kwa mfumo endeshi wa pili ni kazi ambayo programu ya kawaida hairuhusiwi kuifanya. Kerneli ya Linux nayo hubadilika kwa ndani toleo hadi toleo, kwa hiyo moduli hujengwa kwenye kompyuta yako, kama nguo inayoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja.

Vipimo hivyo ni faili za hedari. Ubuntu huziita linux-headers, Fedora kernel-devel. Anayetafuta kwa jina alilolizoea ataambiwa kifurushi hakipo. Hata akikipata, namba yake lazima ilingane na ile inayotolewa na amri ya uname -r. Fedora hupokea kerneli mpya mara kwa mara, na ukisasisha bila kuwasha kompyuta upya, hedari huwa za kerneli mpya ilhali inayofanya kazi ni ya zamani. Anza kukagua hapo, ndipo uendeshe /sbin/vboxconfig.

Moduli ikishajengwa, Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokagua saini, yaweza kuikataa kwa kukosa saini. Ushauri ulioenea ni kuizima. Siupendi: kinachoingia ndani ya kerneli kina mamlaka juu ya kompyuta nzima, kwa hiyo ni heri kusaini moduli na kusajili ufunguo wako kwa mokutil.

Kuna pia KVM, njia nyingine ya kuendesha mashine pepe, iliyomo ndani ya kerneli tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007. Kuanzia 6.12, KVM hushika uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe mara moduli yake inapopakiwa, na VirtualBox huweza kukuta nafasi imechukuliwa. Kwa prosesa ya Intel, modprobe -r kvm_intel huiachilia. Binafsi ningebaki na KVM, isiyohitaji kujengwa upya kila kerneli inapobadilika. Ukihamia huko, diski za zamani za VirtualBox za aina ya VDI hugeuzwa kuwa aina ya qcow2 kwa qemu-img.