Mwana Kupona na Radhi ya Tano

Wanafunzi wengi wa fasihi tukiufikia Utendi wa Mwana Kupona huwa tunaufunga haraka. Tunasema huu ni utendi wa kumkandamiza mwanamke, mtunzi wake ni mateka wa mfumo dume, basi, twende kwenye tamthilia za Penina Muhando ambako angalau mwanamke anapiga kelele. Katika semina yetu moja mwenzetu alipendekeza uondolewe kabisa kwenye orodha ya vitabu, ati unawafundisha wasichana utumwa. Upande wa pili wapo wanaoulinda kama johari ya utamaduni wa pwani na hawataki mtu auguse. Mimi naona pande zote mbili zinausoma kwa namna moja, kana kwamba ni orodha ya amri. Katika makala hii nitajaribu kueleza kwamba mle ndani mama anamwonyesha bintiye jinsi mamlaka ya mume yanavyofanya kazi, katika dini, nyumbani na barabarani, na jinsi ya kuishi chini yake bila kuvunjika. Swali langu ni moja: je, maarifa hayo yanamkomboa nani, na gharama yake anailipa nani?

Kwanza mtunzi mwenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, katika visiwa vya Lamu, na mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Siyu haikuwa mahali pa kuchezea. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalikwenda kuitiisha yakashindwa. Kwa hiyo mume tunayemzungumzia si mume hivi hivi tu, ni mkuu wa mji na mpiganaji. Alipotunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, Mwana Kupona alikuwa mjane, tena mgonjwa ambaye maradhi yake yalikwisha kutimiza mwaka. Anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi.

Hapo kwenye wino na karatasi tusimame kidogo. Mtoto wa kike anaitwa aje na vyombo vya kuandikia, si masikio peke yake. Nyumba ile ambayo sisi tunaidhania ni gereza tupu ilikuwa na wanawake wanaojua kuandika kwa hati ya Kiarabu, wanaojua kupanga mizani na vina, na mtunzi anawataka wanawake wenzake wausome utendi wake. Anataja idadi ya beti, 102, na mwaka aliotunga, kama mtu anayeweka sahihi kwenye mali yake. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linalosema kwamba ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limetuponza. Sehemu kubwa ya utendi ni dua: mama anawaombea watoto wake na ndugu zake, na anajiombea mwenyewe. Ukiingia humo ukitafuta wajibu wa mke tu, utatoka na wajibu wa mke tu.

Haya, sasa tuingie kwenye kiini. Mama anasema kiumbe anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Nne za kwanza anazipita haraka. Ya tano anakaa nayo beti baada ya beti. Tena anampa binti sababu, nayo ni nzito: siku ya kufufuliwa mume ataulizwa anataka mkewe afanyiwe nini. Akisema peponi, atapelekwa peponi. Akisema motoni, hana budi atatiwa.

Msomaji anayeijua dini yake lazima ashtuke kidogo hapa. Qurani inasema zaidi ya mara moja kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Ipo hadithi katika mkusanyo wa Tirmidhi, imepokewa kutoka kwa Umm Salama, kwamba mwanamke akifa mumewe akiwa radhi naye ataingia peponi, na wataalamu wamebishana juu ya nguvu ya mapokezi yake. Lakini hata hadithi hiyo haimkalishi mume kwenye kiti cha hakimu aulizwe anavyotaka. Utendi umekwenda mbele zaidi ya matini. Na hivi ndivyo mfumo dume unavyojipenyeza katika dini: andiko linabaki pale pale, ila katikati ya mwanamke na Mola wake anawekwa mtu. Ajabu ni kwamba anayemweka hapo ni mwanamke, mama mwenye mapenzi, anayetaka mwanawe aokoke.

Tukishatoka kwenye kiyama tunaingia chumbani, na huko mambo yanageuka. Mume huyu huyu mwenye ufunguo wa pepo anapaswa kulelewa kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Akilala asiamshwe kwa kelele. Akandwe, apepewe. Akiamka chakula kiwe tayari. Anyolewe, ndevu zitengenezwe, afukizwe manukato. Sasa jamani, huyu ni hakimu au ni mtoto mchanga? Wapo waliosikia kejeli hapa. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitutaka tuutazame upya utendi huu kwa upande wa lugha na mamlaka, tusimeze kila neno kama lilivyo.

Mimi siendi mpaka kwenye kejeli. Mtu mgonjwa anayemwandikia bintiye wosia hana nafasi ya kufanya mzaha na moto wa jehanamu. Naona kitu kingine, maarifa ya mtu wa chini juu ya mtu wa juu. Aliyeishi na mkubwa anajua udhaifu wake: anajua saa ya usingizi wake, anajua hasira yake inaanzia wapi na inazimwa na nini. Mwana Kupona anajitolea mfano mwenyewe, kwamba aliishi na baba yake Hashima bila ugomvi, na mauti yalipomjia alimkariria radhi. Yaani radhi ya tano anayo mkononi. Anamwambia mwanawe: mimi nimefaulu mtihani huu, nakupa majibu.

Tatizo ni kwamba majibu hayo yanategemea mtahini. Yakifaa kwa mume mwenye shukrani, je, kwa mume dhalimu? Hapa nalazimika kuruka zaidi ya karne moja mpaka kwenye riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), kwa sababu naiona kama jibu la utendi huu, akusudie mwandishi asikusudie. Bi Tamima amefanya yote. Ametulia ndani, ametii, amemlea binti yake Maimuna katika kufungiwa kule kule. Anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, mkunga anaingia nyumbani bila idhini ya Bwana Maksuudi. Malipo ya Tamima ni kipigo na talaka. Maksuudi huko nje ni mtu wa heshima na mwenye tamaa ya siasa. Utii wa miaka yote haukumwekea Tamima hata akiba ya usiku mmoja. Naye Maimuna, aliyelindwa asiione dunia, anaingia duniani bila kuijua, na inamla.

Nirudi Pate, kwa kuwa barabara bado sijaigusa, na ndiko ninakoona jambo ambalo wahakiki wetu wa jinsia wanalipita. Binti anaambiwa asitoke bila idhini, asizungumze njiani, macho yatazame chini, asifunue shiraa. Wengi tunasoma shiraa kama buibui. Siyo. Shiraa ya Lamu ilikuwa kitambaa kikubwa kama hema dogo, watumwa wakikishikilia juu kwa miti huku mwanamke mwungwana akitembea ndani yake. Kwa maneno mengine, heshima yake ya kutoonekana ilibebwa na watu wanaoonekana, na wengine wao ni wanawake.

Ukishalijua hilo, shauri jingine la mama linasomeka kwa namna tofauti: asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, maana watamvutia aibu. Mtumwa wa kike alikwenda kisimani na sokoni uso wazi, wala hakuna aliyeuita huo uhuru. Stara ilikuwa mali ya tabaka. Kwa hiyo tunaposema utendi huu unamkandamiza mwanamke tuulizane ni mwanamke yupi. Hashima anabanwa, kweli, lakini anabanwa akiwa na wino, karatasi, jina la baba na mjakazi wa kutuma. Mama yake alimwandalia hirizi ya maneno ya kuvaa shingoni. Mjakazi aliyeshika mti wa shiraa naye huenda alikuwa na mume, na pengine binti pia, na yeye pia angefufuliwa siku ile ile. Katika beti zote 102 anatajwa kama kitu cha kujihadhari nacho.