Saa 24 za Michael Grabner

Kila Septemba mashabiki wa hoki ya barafuni hubishana nani abaki kwenye kikosi cha watu 23 na nani ateremshwe timu ndogo, na hubishana kana kwamba swali ni moja tu: nani anajua mchezo. Kanuni za ligi ya NHL zina swali jingine. Chipukizi asiyetimiza misimu au mechi za kutosha huteremshwa bila wasiwasi. Aliyezitimiza lazima kwanza awekwe wazi kwa saa 24, na ndani ya saa hizo klabu yoyote yaweza kumchukua bila kutoa mchezaji badala yake. Ndiyo maana kijana aliyeng'ara kambini hufungashiwa virago huku mkongwe aliyechuja akibakizwa: huyu akiachwa wazi atabebwa, yule habebeki.

Ukitaka kuona saa hizo zinavyouma, mtazame Michael Grabner, winga kutoka Austria mwenye mbio za ajabu. Klabu ya Vancouver ilimchagua wa 14 katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2006, kisha ikamhamishia Florida Panthers kiangazi cha 2010. Maandalizi yalipokwisha, Florida ikaona hana nafasi, ikamweka wazi. New York Islanders wakamnyakua Oktoba, mwezi aliotimiza miaka 23. Msimu huohuo akafunga mabao 34, mengi kuliko mgeni mwingine yeyote wa ligi, na katika tamasha la nyota akashinda shindano la mbio. Aliyemwacha hakuwa mbumbumbu. Dale Tallon, meneja mkuu wa Florida wakati huo, ndiye aliyekuwa amesuka sehemu kubwa ya kikosi cha Chicago kilichotwaa kombe la ligi Juni ya mwaka huohuo.

Watetezi wa mameneja watasema Grabner ni mmoja, na wengi huwekwa wazi bila kuguswa na yeyote. Kweli. Watasema pia kwamba Islanders walikuwa dhaifu, wakampa dakika ambazo timu nzuri isingempa. Hilo nalo lina uzito, na sijui nani angeweza kulithibitisha au kulikanusha. Lakini hoja zote mbili zinapita pembeni. Mechi za maandalizi ni kipimo kibovu: nusu ya wachezaji ni vijana wanaojaribiwa, na nyota hawajitumi. Uamuzi usiorudishika haufai kusimama juu ya wiki tatu za namna hiyo, hasa pale ambapo mchezaji alishafunga mabao matatu katika mechi moja ya ligi, tena miezi sita tu nyuma, Aprili, akiwa Vancouver. Mkongwe anayelindwa angalau ana rekodi ndefu. Grabner alikuwa na kasi, kitu kisichohitaji mechi nyingi kuonekana.

Florida walimaliza msimu ule mkiani mwa Kanda ya Mashariki kwa pointi 72. Islanders walikuwa juu yao kwa pointi moja.