Simu ya kazi isiyo na kanuni hula faida ya mpakani

Mfanyabiashara wa nafaka mjini Busia akifunga hesabu jioni, magunia yanalingana, nauli ya lori inalingana, hata chai ya wapakiaji imeandikwa. Fedha za simu hazimo daftarini. Asubuhi karani aliyeko Tororo alitumiwa vocha, mchana dereva akaomba yake, na jioni utingo naye akapiga kuomba.

Hesabu hiyo si ndogo. Wafanyakazi watatu wakipewa kila mmoja shilingi 100 za Kenya kwa siku, kwa siku 26 za kazi zinatoka shilingi 7,800 kwa mwezi, yaani 93,600 kwa mwaka. Pasipo kanuni, tajiri hawezi kujua ni kiasi gani kilitafuta mzigo na ni kiasi gani kilisalimia jamaa.

Mpaka nao huongeza gharama. Simu iliyo upande wa Kenya inaweza kunasa mnara wa Uganda, na laini ikahesabiwa kuwa iko ugenini. Ni kweli kwamba mpango wa Mtandao Mmoja, ulioanza 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, ulishusha bei ya kupiga simu na kuondoa ada ya kupokea. Lakini nafuu hiyo ililenga simu za sauti. Bando la intaneti lililonunuliwa Busia huenda lisifanye kazi Tororo, na data ikiachwa wazi hula salio lote. Kwa hiyo anayevuka mara kwa mara awe na laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, azime data ya ugenini, na akiwa karibu na mpaka achague mtandao mwenyewe kwenye simu badala ya kuiachia simu ichague.

Malipo pia yana mwanya. Uganda hutoza ushuru wa asilimia 0.5 kwa fedha zinazotolewa kwa simu, mbali na ada ya kampuni ya simu. Karani akitoa shilingi milioni 2 za Uganda ili kununua mahindi, ushuru peke yake ni shilingi 10,000. Kumlipa muuzaji moja kwa moja humwondolea karani mzigo huo na huacha ushahidi wa malipo. Muuzaji akiomba aongezewe ya kutolea, jambo hilo lipatanwe pamoja na bei ya gunia.

Hasara kubwa zaidi huja siku mfanyakazi anapoondoka. Laini ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho chake, anaondoka nayo kihalali, pamoja na namba za wakulima, madereva na wateja waliozoea kuipigia. Fedha zikitumwa kwenye laini hiyo kesho yake, kuzidai ni kazi nyingine. Laini inayojulikana na wateja isajiliwe kwa jina la mwenye biashara au la kampuni yake, na majina yote yanakiliwe daftarini kila mwezi.

Kanuni zenyewe hutosha ukurasa mmoja, uliosomwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Ziseme nani anapewa vocha, kiasi gani kwa wiki, laini ipi itumike upande upi, nani ajuaye namba ya siri ya fedha, na simu ikipotea nani aarifiwe kwanza ili laini ifungwe. Ziseme pia kwamba dereva hapokei simu akiwa kwenye usukani.

Haki nayo iandikwe. Mfanyakazi anayetumia simu yake kwa kazi arudishiwe gharama, asikatwe mshahara kwa jambo ambalo hakuelezwa, na ujumbe wake wa nyumbani usipekuliwe. Karani anayejua fungu lake la wiki hana sababu ya kuomba vocha kila asubuhi, na tajiri wake anapata safu moja zaidi ya kujaza daftarini jioni.