Mbolea ya Maji, Hewa na Umeme

Mwaka 2022 mfuko wa urea wa kilo 50 ulipovuka shilingi laki moja, nilimudu kukuzia ekari moja tu kati ya tatu nilizokuwa nimelima hapa Njombe. Kwenye zile mbili mahindi yaligeuka njano kuanzia majani ya chini. Iliniuma zaidi kwa kuwa nafundisha kemia. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, kirutubisho kilekile kilichomo mfukoni. Mahindi yangu yalikufa njaa katikati ya chakula.

Shida ni kwamba atomi za naitrojeni hewani zimeshikana mbilimbili kwa vifungo vitatu, na mahindi hayana uwezo wa kuvikata. Mjerumani Fritz Haber alionyesha njia mwaka 1909, na mwaka 1913 Carl Bosch akaiingiza kiwandani: naitrojeni na haidrojeni hubanwa pamoja kwenye joto la nyuzi 400 na ushei, zikawa amonia, mama wa urea. Haidrojeni hiyo hutolewa kwenye gesi asilia au makaa ya mawe. Ndiyo maana gesi ikipanda bei ng'ambo, mkulima wa Njombe analia. Tena kila tani ya amonia huacha angani tani mbili hivi za hewa ya ukaa.

Njia nyingine ya kupata haidrojeni wanafunzi wangu huiona kwa macho. Tunachonga penseli mbili ncha zote, tunazichovya kwenye maji yenye magadi, tunaziunganisha na betri. Kwenye penseli ya upande hasi mapovu hufumka kwa wingi: ni haidrojeni, imetoka majini. Kiwanda cha Sable huko Kwekwe, Zimbabwe, kilitengeneza mbolea kwa haidrojeni ya namna hiyo kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2015 umeme ulipokuwa haba. Naivasha, Kenya, shamba moja limefunga mtambo mdogo wa namna hiyo unaotumia umeme wa jua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, na wenzao wa Denmark wanataka kuachana kabisa na lile joto kali. Umeme hutandaza lithiamu juu ya elektrodi. Lithiamu huidaka naitrojeni hata bila kuchemshwa, kisha ikikutana na haidrojeni, amonia hutoka. Kiasi cha amonia hiyo kilikuwa kidogo mno hata amonia ya kwenye pumzi ya mpimaji iliweza kudanganya majibu. Kwa hiyo huingiza naitrojeni-15, iliyo nzito kuliko ya kawaida. Amonia ikitoka na uzito huo, ndipo huamini.

Msimu huu nimekuzia tena, kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina. Kila nikiinama nauona akilini mtambo wa ukubwa wa kontena nyuma ya ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika, ukivuta hewa ya Njombe na maji ya Njombe, na mbolea yake haisubiri meli.