Ouzo na rakı: ladha moja, biashara mbili

Ukimimina maji kwenye glasi ya ouzo ya Ugiriki au rakı ya Uturuki, kinywaji hugeuka cheupe kama tui. Mafuta ya anisi, kiungo chenye harufu inayokaribiana na ya bizari tamu, huyeyuka ndani ya alkoholi na kujitenga maji yanapozidi. Mezani ni ndugu, lakini sokoni kila mmoja ana njia yake.

Rakı huanzia shambani. Kanuni za Uturuki zinataka angalau asilimia 65 ya alkoholi yake itokane na zabibu, ichemshwe upya pamoja na anisi katika mitambo ya shaba, kisha iachwe itulie siku 30. Ouzo hailazimiki kugusa zabibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakubali alkoholi ya zao lolote la kilimo, mradi asilimia 20 yake ipitie mtambo wa shaba pamoja na viungo. Mtaji wa ouzo ni jina, ambalo Ugiriki na Cyprus pekee ndizo zinaruhusiwa kulitumia. Plomari, mji mdogo wa kisiwa cha Lesbos, umejengwa na jina hilo. Kiwanda cha Barbayanni kipo tangu 1860. Ujerumani ndiyo mnunuzi mkubwa wa nje, na chapa ya Ouzo 12 ni mali ya Campari ya Italia tangu 1999.

Fedha nzito zaidi zimepita kwenye rakı. Mwaka 2004 serikali ya Uturuki iliuza kitengo cha pombe kali cha shirika lake, Tekel, kwa dola milioni 292. Mwaka 2011 Diageo, iliyokuwa pia na hisa nyingi za East African Breweries ya Kenya, ilikinunua kwa dola bilioni 2.1, wakati huo kikiitwa Mey İçki. Miaka miwili baadaye sheria mpya ikapiga marufuku matangazo ya pombe, na maduka yakakatazwa kuiuza kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Kodi nayo imekuwa ikipanda mara kwa mara, na hilo ndilo linaloumiza. Bei ikimshinda, mnywaji hutengeneza rakı yake nyumbani au hununua ya magendo. Mapema mwaka 2025 makumi ya watu walikufa Istanbul na Ankara kwa pombe yenye methanoli. Serikali ina haki ya kutoza pombe kodi, ila kodi inayomsukuma mnywaji kwenye sumu, na kumnyima mkulima wa zabibu mnunuzi wake, imepita kiasi. Ingefaa ongezeko lijalo lisimamishwe kwanza.